Wino wa Manemane

Chumba cha Jerotich kilikuwa upande wa jua, na ndiyo sababu miungu yake ilikaa humo. Rafu moja ya mbao, kitambaa cheupe, kikombe cha maji, na sanamu mbili zisizozidi urefu wa kiganja. Moja ilikuwa ya mwanamke mwenye mabawa, Aset, mungu wa Misri ya kale. Ya pili ilikuwa nyeusi, yenye kichwa cha mbweha. Huyo aliitwa Anpu, na Jerotich alisema huwaongoza wafu njiani wasipotee. Siku niliyohamia nyumba ile ya Doonside, huku Australia, nilisimama mlangoni mwa chumba hicho na mto wangu kwapani, nikaishika rozari iliyokuwa mfukoni.

"Dada Theresia, usimwangalie hivyo. Hang'ati."

"Sijasema anang'ata."

"Aki umeishika hiyo rozari kama rungu."

Tulicheka, na kicheko kile ndicho kilichonifanya nibaki. Nimepanga kwake mwaka wa tatu sasa. Mimi natoka Muheza, ni Mkatoliki, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Yeye ni muuguzi, Mkalenjin wa Iten, mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi kabla ya sala zake husukutua kwa maji ya magadi, kwa kuwa makuhani wa Misri ya kale walisafisha vinywa vyao hivyo kabla ya kutamka jina takatifu. Magadi yenyewe huyachota kwenye kopo langu, yale ninayopikia maharage. Mimi nasali Malaika wa Bwana jikoni, yeye anasali chumbani, kisha tunakutana kwenye chai.

Nilimwuliza mara moja tu ilikuwaje akafika huko.

"Babu alikuwa akituambia sisi tulitoka Misri zamani sana, tukaufuata mto kwenda juu," alisema. "Shuleni wakasema ni hadithi tu. Mimi sijui kama ni kweli. Lakini mama alipokufa nilitafuta mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuongea na marehemu wake. Kanisani waliniambia mama amepumzika, nisimsumbue. Wale watu wa kale hawakusema hivyo. Walikaa kaburini wakala na wafu wao, wakawaambia habari za nyumbani, hata wakagombana nao."

Habari za mama yake nilizijua kidogo kidogo, kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba anamoishi. Mama Tapkigen alipata uvimbe tumboni wakati ule mipaka ya Australia imefungwa kwa ajili ya korona. Hakutaka kupasuliwa. Alimwambia binti yake kwa simu, "Usikubali wanikate." Lakini binti alikuwa muuguzi, alijua uvimbe ule una maana gani, akamshawishi wiki nzima, akaongea na daktari, akawaambia ndugu zake watie sahihi. Mama akapasuliwa siku ya Jumatatu. Siku ya tatu akafariki. Jerotich aliyaona mazishi kwenye simu, amekaa kwenye ngazi za nyuma ya hospitali anakofanya kazi, na picha ilikuwa inakatikakatika.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, uvimbe ukaonekana kwenye utumbo wake mwenyewe.

Daktari alisema bado ni mdogo na unatolewa ukaisha, ila usicheleweshwe. Jerotich alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia hayo yote kwa sauti ya kazini, kama anamsomea mwenzake habari za mgonjwa mwingine. Kisha akasema, "Sikatwi, dada. Sikatwi mpaka mama aniruhusu."

"Mama yako ataruhusu vipi?"

"Nitamwuliza."

Nilimsihi. Nilimwambia Mungu ametupa madaktari. Akanijibu kwamba maneno hayo hayo ndiyo aliyomwambia mama yake. Basi nikaanza novena, sala za siku tisa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Hospitali walipiga simu mara mbili, naye akawaambia bado anafikiri. Niliona anakonda. Nilikuwa naosha vyombo nikiuliza ndani ya moyo wangu hivi mtu anaweza kufa kwa ajili ya ruhusa.

Jumatano moja ya Julai nilitoka kazini mapema, saa tisa. Nyumba ilikuwa ya baridi, hita haijawashwa. Nikamkuta Jerotich kitandani anawaka homa, mafua yale yaliyokuwa yameangusha nusu ya wauguzi wa wodi yake. Macho yalikuwa nusu wazi. Alikuwa akisema kwa Kikalenjin, na ndani yake nilisikia neno moja tu ninalolijua, mama. Nikampa vidonge vya kushusha homa, akavitapika. Nikampa tena, vikatoka tena.

Ndipo nikaliona lile bakuli.

Lilikuwa juu ya kiti kando ya kitanda, bakuli jeupe la udongo, na ndani yake kulikuwa na maandishi. Mistari ilianza ukingoni ikazunguka na kuzunguka kushuka hadi katikati. Wino ulikuwa mwekundu wa kuelekea rangi ya zafarani, nao ulinukia. Kando ya bakuli palikuwa na jagi la maji. Miwani yangu ilikuwa kwenye mkoba sebuleni, na hata ningeivaa nisingeyaelewa maneno yale.

Wale waliokulia pwani watanielewa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu, na katika nyumba yake mtoto akishikwa na homa isiyosikia dawa aliitwa mwalimu, naye aliandika aya za Kurani kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe. Hilo ndilo kombe. Maandishi yalioshwa kwa maji na marashi kidogo, na mgonjwa akayanywa. Nilinyweshwa kombe nikiwa na miaka sita, kabla baba hajatuhamishia upande wa misheni. Nakumbuka mkono wa Bibi nyuma ya kichwa changu, na maji yenye harufu ya maua. Maandishi nisiyoweza kuyasoma, mekundu, ndani ya chombo cheupe, karibu na mgonjwa na maji. Kwangu mimi kitu hicho kina maana moja tu. Nikadhani kuna mtu amemletea, au amejiandalia mwenyewe kwa njia zao za Misri, kisha homa ikamzidi kabla hajanywa.

Nilisita. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Wakatoliki wa hapa jirani Blacktown, na padri ametufundisha mara nyingi kuhusu mambo hayo. Lakini mtu alikuwa anaungua mbele yangu. Nikasema, Bwana, kama ni kosa ni langu. Nikamimina maji, nikayazungusha kwa kidole mpaka maandishi yote yakayeyuka, nikamwinua kichwa, nikamnywesha. Alikunywa yote bila kutapika. Nikampa vidonge, vikakaa. Kisha nikaliosha bakuli kwa sponji, nikalikausha, nikaliweka juu ya rafu, mbele ya yule mwanamke mwenye mabawa.

Sikumwambia. Niliona aibu, katibu mzima wa jumuiya, mwenye kombe mkononi.

Asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nakoroga uji niliposikia analia, nikakimbia. Alikuwa amesimama mbele ya rafu, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili, na alikuwa analia na kucheka.

"Mama amenijibu, dada."

"Umeota?"

"Sijui niseme nimeota. Nimeona mkono wake. Alinishika kichwa hapa nyuma, akaninywesha. Halafu nimeamka nimekuta..." Hakumaliza. "Amenijibu. Nakwenda kukatwa."

Nilipiga magoti papo hapo sakafuni, nikamshukuru Mungu kwa novena. Kabla ya saa nne alikuwa amepiga simu hospitali, wakampa Jumanne ya wiki ya pili. Ule mkono nyuma ya kichwa nilijua ulikuwa wangu, lakini nilijiambia ndoto za homa huchanganya mambo, na Mungu hutumia anachokikuta.

Jumanne na Alhamisi jioni mimi husoma. Ni darasa la watu wazima kule St Marys, kwa sisi tulioacha shule mapema na sasa tunataka cheti. Nimefika kwenye historia ya kale. Jumanne iliyofuata, wiki moja kabla ya upasuaji, mwalimu alitufundisha namna Wamisri walivyoishi na wafu wao. Akaweka picha ukutani.

Lilikuwa bakuli. Ndani yake maandishi, mistari na mistari.

"Hii ni barua," mwalimu alisema. "Iliandikwa zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Mtu akiwa na shida aliandika barua kwa marehemu wake ndani ya bakuli, akaweka chakula juu ya maneno, akalipeleka kaburini. Marehemu angekuja kula, na akimaliza chakula angeikuta barua."



Akaendelea kueleza. Bakuli lile lilikuwa la mtu aliyemwandikia mama yake aliyekufa. Kabla ya kutaja shida yake, alimkumbusha kwamba siku moja mama alitamani kula kware, na yeye mwanawe alimletea kware saba, naye akawala. Wanafunzi wenzangu walitabasamu. Mwalimu akasema pia kwamba barua za namna hiyo zimepatikana chache tu, nyingine kwenye mabakuli, nyingine kwenye kitambaa au karatasi zao za matete, na watu waliomba ndani yake mambo makubwa na madogo. Lakini jibu la marehemu halijapatikana hata moja.

Kariuki, Mkenya anayeendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, kwenye ghala moja pale pale St Marys, ndiye mwenzangu wa treni ya kurudi nyumbani. Tulipokaa aliniangalia usoni.

"Mama Theresia, umeona mzimu darasani ama ni mtihani?"

Nikamweleza yote, bila kumtaja Jerotich kwa jina. Alisikiliza mpaka tukapita kituo cha Mount Druitt.

"Sasa shida iko wapi? Amekubali kutibiwa. Si ndiyo ulikuwa unaomba?"

"Amekubali kwa sababu aliamka akakuta barua yake imetoweka. Anaamini mama yake ameichukua. Mimi ndiye niliyeiosha."

"Basi nyamaza mpaka akatwe. Akitoka mwambie, hata siku hiyo hiyo. Mtacheka."

"Na nikinyamaza, si nitakuwa nimemletea salamu za uongo kutoka kwa mama yake?"

"Wewe hukuleta salamu. Wewe uliosha chombo."

"Jumatano iliyopita niliosha chombo. Leo najua."

Kariuki akakuna kidevu. "Akisikia akakataa kwenda je? Utaishi na hiyo?"

 Treni ikasimama Doonside, nikashuka.

Siku tatu nilisali kuhusu jambo hilo moja. Nilisali asubuhi jikoni, nilisali ndani ya basi nikielekea kwa wazee wangu, nilisali nikiwaosha miguu. Niliomba niambiwe niseme au ninyamaze. Sikuambiwa kitu. Na kila siku Jerotich alikuwa anakula vizuri zaidi. Alikuwa akiimba bafuni. Alilala usiku mzima bila kuinuka. Nilimsikiliza kupitia ukuta, nikatamani ukweli wangu upotee kama wino ule.

Lakini nilikuwa nawaza hivi. Mama Tapkigen alisema, usikubali wanikate, na watu waliompenda wakaamua kwa niaba yake kwa sababu walijua zaidi. Sasa na mimi nilikuwa najua zaidi, nampenda, na nilikuwa naamua kwa niaba ya binti yake.

Jumamosi asubuhi nilimkuta anakunja nguo za kwenda nazo hospitali.

"Mdogo wangu, keti."

 "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Keti tu."

Alikaa kitandani, na fulana mikononi. Mimi nilibaki nimesimama, kwa kuwa nilihisi nikikaa sitasema.

"Lile bakuli lako. Ni mimi niliyeliosha."

"Najua unaosha kila kitu, dada. Ungeweza ungeniosha hata mimi."

"Nililiosha likiwa na maandishi. Ulikuwa na homa. Nilimimina maji, nikayeyusha wino, nikakunywesha. Mkono uliokushika kichwa ulikuwa wangu. Nilidhani ni kombe."

"Kombe gani? La mpira?"

Nikamweleza. Habari za Bibi, zafarani, maji yenye harufu ya maua. Nikamweleza darasa na ile picha ukutani, na mtu wa kware saba, na kwamba siku ile nilikuwa sijui ni barua. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza aliikunja ile fulana, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hiyo si mama," alisema. "Ni wewe na sponji."

"Ni mimi."

"Nilikaa siku mbili natengeneza ule wino. Manemane ya kuuchanganyia nimeitafuta kule Fairfield duka hadi duka. Nilimwomba mama msamaha herufi kwa herufi. Ninaulizwa na watu wa Mungu kama nimerukwa na akili, wewe hukuniuliza, nikakuheshimu. Halafu ukaninywesha msamaha wangu kama dawa ya kikohozi."

"Nisamehe."

"Siku kumi nimelala usingizi, dada. Unajua ni mara ya kwanza tangu azikwe?"

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

"Sasa ungengoja Jumanne ipite! Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ungeingia kule ndani umeshika kitu ukidhani ni cha mama yako, kumbe ni changu. Mimi pia nimeuliza, Jerotich. Siku tatu nimeuliza juu ya hili, sikujibiwa. Nimekuja bila jibu."

Alinyoosha kidole mlangoni. Nikatoka.

Siku ile hakula. Jumapili nilikwenda misa peke yangu, nikarudi, mlango wake bado umefungwa, na ule mkoba wa hospitali ulikuwa koridoni, mtupu. Alikuwa amezitoa nguo zote. Nilikaa chini pale koridoni, mgongo ukutani, nikatoa rozari. Sikujua niombe nini, basi nikazisema tu zile Salamu Maria moja baada ya nyingine. Nilikuwa kwenye fungu la nne sauti yake ilipotoka ndani.

"Yule mtu wa kware."

"Ndiyo."

"Alijibiwa?"

Ningeweza kusema sijui. "Mwalimu alisema majibu hayajapatikana. Hata moja."

"Mimi pia nilisoma hivyo, zamani." Nikasikia anageuka kitandani. "Na bado waliendelea kuandika."

"Waliendelea. Mamia ya miaka."

"Na hao kware, wewe unadhani aliwataja kwa nini? Mtu ana shida kubwa, anaanza na kware."

Nilifikiri. "Labda alitaka mama yake akumbuke yeye ni mtoto wa namna gani, kabla hajamwambia mengine."

 Baada ya muda nilisikia droo inafunguliwa, na kitu kinasagwa kwenye kinu kidogo, na harufu ya manemane ikapita chini ya mlango.

Jumatatu asubuhi aliniita. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini nywele alikuwa amesuka. Lile bakuli lilikuwa mapajani mwake, limejaa maandishi mabichi, mekundu.

"Vaa miwani," alisema.

Nikavaa.

"Ile barua ya kwanza ilikuwa na swali moja, limezunguka bakuli lote. Umenisamehe, umenisamehe. Akisema ndiyo, hiyo ndiyo ruhusa. Hii nitakusomea." Akaisoma kwa Kikalenjin, polepole, akiligeuza bakuli kwa vidole kadiri mistari ilivyozunguka. Kisha akanitafsiria.

"Mama, ni mimi Jerotich. Uliniomba sweta la buluu lenye vifungo, nikakutumia, ukalivaa mpaka viwiko vikatoboka. Uliniomba nikupigie simu kila Jumapili, nikakupigia, hata nikiwa kazini nilijificha stoo ya mashuka. Ulipenda kusikia mvua ya huku, nikaitoa simu dirishani ukaisikia. Uliniomba nisikubali ukatwe. Hilo sikukusikiliza. Kesho na mimi nakatwa. Nakuambia ili ujue nilipo."

Nilingoja mstari mwingine. Haukuwepo.

"Hukumwuliza kitu," nikasema.

"Sikumwuliza."

Akainuka, akaliweka bakuli juu ya rafu, mbele ya yule mweusi mwenye kichwa cha mbweha. Akachota nafaka ya wimbi kwenye mfuko alioununua duka la Waafrika kule Blacktown, akalijaza bakuli polepole mpaka maneno yakafunikwa.

"Siwezi kukuomba umtaje Aset," alisema. "Najua imani yako. Lakini nikiwa kule, ukiamka, ubadilishe maji ya kikombe. Na umtaje mama kwa jina, kwa sauti. Watu wa kale waliamini mtu akitajwa anaendelea kuwepo. Hilo tu."

Nikafikiri juu ya mwezi wa Novemba, na daftari la parokia tunamoandika majina ya marehemu wetu ili yasomwe altareni. Niliona naweza.

"Nitamtaja katika sala zangu," nilisema. "Si kwa sala zako."

"Zako zinatosha." Alichukua nguo kutoka kitandani, akaanza kuzirudisha kwenye mkoba. Alipofika kwenye ile fulana akasema, bila kunitazama, "Na usioshe."

Siku hiyo hakula chochote, alikunywa tu maji ya kusafisha utumbo aliyopewa na hospitali, na Jumanne alfajiri nilimsindikiza. Mlangoni mwa wodi alinipa pete na simu yake nimshikie. Mikono yake ilikuwa baridi. Nilimchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso kama nilivyowafanyia wanangu kule Muheza walipokuwa wakienda shule, naye aliinamisha kichwa ili nimfikie.

Upasuaji ulikwenda vizuri, waliniambia hivyo jioni. Nilimwona amelala, na mirija. Nikaiacha simu na pete kwenye kabati lake.

Jumatano asubuhi niliingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe akiwa hayumo. Kabla ya kuingia nilikwenda jikoni, nikakoroga magadi katika maji, nikasukutua. Sikumwomba kitu yule mbweha, na Mungu ananijua. Nilifanya kama mtu anavyovua viatu mlangoni mwa watu. Nikabadilisha maji ya kikombe. Nikasali Baba Yetu, na Salamu Maria, na raha ya milele umpe, ee Bwana. Kisha nikasema kwa sauti, "Tapkigen. Mama yake Jerotich." Chumba kilikuwa na jua. Sauti yangu ilinishangaza, jinsi jina la mtu nisiyemjua lilivyojaza nafasi.

Alhamisi nikafanya vivyo hivyo. Alhamisi ilikuwa siku ya tatu. Nilimpigia, muuguzi akasema amepata homa kidogo, wanamwangalia, nisije leo. Sikwenda darasani. Kariuki alinitumia ujumbe, "Mgonjwa yuko aje?"  Nilirudi chumbani, nikakaa kwenye kile kiti, nikamtaja Mama Tapkigen tena, ingawa niliambiwa asubuhi tu. Nikamwambia na mimi habari za nyumbani. Kwamba binti yake anachota magadi yangu hanunui mengine. Kwamba anaimba vibaya. Kwamba hapa tuko wawili tu. Nilipomaliza nilijiona mjinga, na sikujiona mwenye dhambi.

Ijumaa, saa moja asubuhi, simu ililia nikiwa jikoni. Jina lake.

"Dada." Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka. "Umeosha?"

"Sijaosha."

"Hata kidogo?"

"Jerotich, nimeosha nyumba nzima. Hilo sijaligusa."

Nilisikia anapumua. Nyuma yake mtu alikuwa anasukuma kigari cha chai.

"Homa imeshuka," alisema. "Hebu hesabu, kutoka Jumanne. Mimi hizi dawa zinanichanganya."

Nikahesabu kwa vidole, ingawa nilikuwa najua. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nne."

"Nne," akasema. "Mama hakuifikia ya nne."

 Hakuna aliyekata simu.

"Ile wimbi itakuwa imeshika vumbi," akasema mwishowe. "Mwagie ndege, uweke nyingine. Polepole, usisugue ndani."

Nikavaa miwani. Nikalibeba bakuli kwa mikono miwili mpaka uani, nikaliinamisha, na wimbi ikatiririka majanini. Chini yake maneno yalikuwa bado yapo, mekundu, yote, yakizunguka kutoka ukingoni mpaka katikati.